KUTOKA UTARISHI HADI MEZA YA MSAJILI

(Hotuba iliyosomwa na mjumbe wa tawi letu la reli mbele ya wafanyi kazi wa chuo kikuu waliotualika. Twaichapa hapa kwa sababu wanachama wengi wameiulizia.)



 

Barua yenu ya mwaliko ilikuwa na swali moja tu. Mliandika hivi: "Huko kwenu reli mtu huanza kwa kubeba mizigo akaishia kuwa stesheni masta. Kwetu chuoni mbona mtu huanza kwa kubeba faili akastaafu akibeba faili?" Swali hili tulilisoma katika mkutano wa tawi na likatuchukua jioni nzima. Wengine walisema hiyo si kazi yetu, sisi chuo kikuu twakijua kwa kupita nje ya lango tu. Wengine wakajibu kwamba wake zetu, dada zetu na watoto wetu wanafanya kazi humo, na taabu ya mfanyi kazi haijui ua. Hao wa pili ndio walioshinda kwa kura, na ndiyo sababu mnatuona hapa leo.

Hatukuja kama waalimu. Wengi wetu tulisoma shule za misheni mpaka darasa la nane, tukaishia hapo. Lakini habari ya kupanda ngazi ya kazi twaijua, na habari ya kunyimwa ngazi twaijua zaidi. Kabla ya kuja tuliwauliza wenzenu wengi kazi zao ni zipi, nao walitueleza kwa saburi. Tutakayosema tumeyapata kwao na kwetu wenyewe.

NGAZI MBILI

Desturi ya reli tangu siku za East African Railways and Harbours ni kwamba kila kidato cha ngazi kina mtihani wake. Mtu akitaka kuwa gadi, hujifunza kitabu cha sheria za treni, husafiri na mzoefu, kisha huulizwa maswali. Akishinda hupewa bendera na taa. Akishindwa hurudi kujifunza. Kipimo ni kazi yenyewe, kwa maana treni haimwulizi mtu alisoma wapi. Ukikosea ishara, mabehewa yataanguka tu.

Lakini msidhani kwamba ngazi ya reli ilisimamishwa na malaika. Wazee wetu waliikuta imegawanywa kwa rangi. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilikubali kwamba mtumishi asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu katika kazi ile ile. Ilikuwa mpaka mwaka 1954 ndipo Tume ya Lidbury iliposema kipimo cha rangi kiondolewe katika utumishi. Hata baada ya hapo vidato vya juu havikuwafungukia Waafrika kwa siku moja. Vyama vya wafanyi kazi vilisukuma mwaka hata mwaka.

Sasa tutazame ngazi yenu. Royal Technical College ilifungua milango yake Nairobi mwaka 1956. Mwaka 1961 ikawa Royal College, mwaka 1964 ikawa University College, na mwaka 1970 ikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Tangu hapo vyuo vikuu vimezaliwa katika pande nyingi za nchi. Katika kila kimoja kuna waalimu, na nyuma ya waalimu kuna jeshi zima la watu wengine: matarishi, wapishi, wafagiaji, makarani, watunza hesabu, na juu yao wasajili wasaidizi, manaibu wasajili na wasajili. Watu hawa ndio wanaokifanya chuo kifunguke asubuhi.

Rangi haiulizwi tena katika ngazi yenu. Kinachoulizwa ni cheti. Wala jambo hili lisiwashangaze: chuo kikuu kinatoa shahada, kitasemaje kwamba shahada haina maana? Kipimo cha cheti ni chema kuliko kile cha rangi, kwa kuwa mtu aweza kukipata cheti na hawezi kubadili ngozi yake. Lakini kina uonevu wake pia. Uonevu huo huanza pale mtu anapofanyishwa kazi ya kidato cha juu miaka mingi pasipo kuulizwa cheti, kisha siku ya kuandika jina lake mlangoni ndipo cheti kinapoulizwa.

KAZI YA MEZA YA KATIKATI

Wengi hudhani kwamba msajili msaidizi ni karani mwenye kiti kikubwa. Tulidhani hivyo hata sisi. Wenzenu walitueleza tukaona kwamba ni kazi ya namna nyingine.

Tuchukue alama za mtihani za mwanafunzi mmoja. Mwalimu amesahihisha. Alama zinakwenda kwa mkuu wa idara, zinajadiliwa na baraza la kitivo, zinapelekwa seneti, na mwisho jina la kijana linaandikwa katika orodha ya mahafali. Karatasi moja ikilala ndani ya dawati, kijana yule havai joho mwaka huo, na mzazi wake aliyeuza ng'ombe analia. Tarishi ameibeba bahasha. Karani ameandika alama. Mwenye meza ya katikati ndiye anayejua bahasha zote ziko wapi, ni lini kikao kitakaa, nani hajaleta za kwake, na nani aandikiwe barua leo kabla mambo hayajaharibika kesho. Kwa lugha yetu, karani anaitunza stesheni moja, na yule wa katikati anaitunza njia nzima.

Tena yeye ndiye katibu wa vikao. Wakubwa husema, naye huandika walilokata. Kisha huwakumbusha yale waliyoahidi, kwa adabu, pasipo kuwaudhi. Anatunza pia fungu la fedha. Yampasa ajue kwamba mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na kwamba kwa sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 hawezi kuamka tu akanunua karatasi za mtihani dukani. Lazima ziwe zimepangwa na utaratibu ufuatwe. Tena anasimamia watu, na hapo ndipo wengi hushindwa.

Basi mtu wa chini akitaka kupanda, asihesabu miaka peke yake. Miaka 20 ya kubeba bahasha bila kuuliza zinakwenda kufanya nini ni mwaka mmoja uliorudiwa mara 20. Lakini tarishi anayejua kwa nini bahasha ya idara hii hukawia kila muhula, na dawa yake ni nini, huyo ameanza kufanya kazi ya katikati kabla ya kupewa. Maarifa hayo mnayo tayari, maana aliye chini huona pale kazi inapokwama mapema kuliko aliye juu.

HABARI YA DADA MMOJA

Tutawaeleza habari moja. Ni ya dada aliyeolewa na mwenzetu wa reli. Tumemwahidi tusilitaje jina lake wala la chuo chake.

Alianza kazi akiwa tarishi katika ofisi ya kitivo. Saa ya chakula alijifunza kompyuta kwa kutazama wenzake, na baada ya miaka 6 akafanywa karani. Ndipo msajili msaidizi alipohamishwa. Mkubwa wa ofisi akamwambia kwa mdomo, "Hebu shikilia hapa kidogo." Kidogo hicho kilikuwa miaka 3 na miezi 2. Aliita mikutano, aliandika kumbukumbu, alipanga mitihani, alitengeneza orodha za mahafali. Mshahara ulibaki ule wa karani.

Halafu nafasi ikatangazwa. Tangazo lilitaka shahada, naye alikuwa na cheti cha sekondari na cha uhazili. Akaja kijana mwenye shahada, na dada yetu akaambiwa amwonyeshe kazi. Kijana mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Siku ya tatu alimwuliza, "Mama, kwa nini hii kazi hukupewa wewe?" Dada hakuwa na la kumjibu.

Alikwenda kwa katibu wa chama chake. Katibu akamwuliza: "Una barua ya kukaimu?" Hana. "Aliyekuambia ushikilie yuko wapi?" Amekwisha kustaafu. Hapo sisi tuliokuwa tukisikiliza tulikata tamaa. Lakini dada alikuwa na sanduku nyumbani. Kila mkutano aliouandikia kumbukumbu alikuwa ameweka nakala, na chini ya kila nakala palikuwa na sahihi yake mahali pa katibu. Mikutano hiyo ilikuwa 14, nayo iliangukia katika miezi 11.

Shauri lilichukua muda. Mwishowe alilipwa posho ya kukaimu kwa ile miezi 11. Miezi mingine 27 haikulipwa hata senti, kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya kuonyesha. Ndugu zangu, kazi ya miezi 27 ilipotea kwa kukosa barua ya mistari mitatu. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho nalo ni mali.

MASHAURI YETU

Kwa hiyo tuna mashauri matano. Yaandikeni.

La kwanza ni barua. Ukiambiwa ushike kazi ya juu, itikia kwa heshima, kisha siku ile ile andika: "Bwana, nimepokea agizo lako la leo kwamba nishike kazi ya fulani kuanzia tarehe fulani. Naomba barua ya kunithibitishia." Peleka kwa barua pepe au kwa mkono, na uweke nakala. Hii si jeuri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, na yakibadilika amjulishe mfanyi kazi kwa maandishi. Tena Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 yasema mtumishi wa umma akikaimu, muda usipungue siku 30 wala usizidi miezi 6. Vyuo vyenu vina kanuni zake na mapatano yake na vyama. Ombeni nakala, msome yanavyosema juu ya kukaimu. Wala msilale: sheria ile ya 2007 yataka dai la mkataba wa kazi lifike mahakamani kabla ya miaka 3 kupita. Mwenye kungoja mpaka siku ya kustaafu ndipo adai, atakuta mlango umefungwa.

La pili ni daftari. Kila mwezi andika kazi uliyofanya ambayo si ya cheo chako: tarehe, kazi, na aliyekuagiza. Weka nakala ya kile ambacho una haki ya kukiweka. Hatusemi mchukue siri za ofisi au alama za wanafunzi mkazipeleke nyumbani. Hilo ni kosa, na mtafukuzwa kwa haki. Twasema weka ushahidi wa kazi yako mwenyewe.

La tatu ni cheti. Msikasirikie cheti mpaka mkakiacha. Mmekaa kando ya kisima, na watu hutoka mbali kuja kuteka maji hapo. Vyuo vingine huwapunguzia karo wafanyi kazi wao wanaosoma. Ulizeni kama mapatano yenu yana kifungu hicho, na kama hayana, basi kiwe dai katika mazungumzo yajayo. Yako pia masomo ya jioni na ya mwisho wa juma. Halafu kuna Sheria ya mwaka 2014 ya mfumo wa taifa wa sifa za elimu, ambayo yatambua kwamba mtu aweza kuwa amejifunza kazini, na kwamba ujuzi huo waweza kupimwa na kukubaliwa. Asiwadanganye mtu kwamba njia hiyo itawapa shahada bure. Yaweza kuwafungulia mlango wa masomo, kusoma mtasoma wenyewe.

Dada yetu alisoma jioni miaka minne na nusu. Somo la hesabu za fedha lilimwangusha mara ya kwanza, akalirudia. Mumewe alijifunza kupika. Twasema hivi mbele ya waume waliomo humu, wasikie.

La nne ni chama chenyewe. Tawi la chama ni shule ya utawala isiyotoza karo. Nani humfundisha mfanyi kazi kuandika ajenda, kuandika kumbukumbu, kutunza hesabu za ada, kuandika barua kwa mkubwa bila matusi na bila kupiga magoti? Ni tawi. Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya katika baraza la mji wa Nairobi. Kazi ya chama ndiyo iliyompeleka Chuo cha Ruskin huko Oxford mwaka 1955, na baada ya uhuru alikuwa waziri. Hatusemi kila katibu wa tawi atakuwa waziri. Twasema aliyeweza kuendesha mkutano wa wanachama 200 wenye hasira, hatashindwa na kikao cha kitivo.

La tano ni hili: msikubali matumaini ya kupandishwa yawe badala ya mshahara. Meza za katikati ni chache. Katika matarishi kumi huenda mmoja akafika, na tisa waliobaki wanakula na wanalipa kodi ya nyumba kama yeye. Mwajiri akisema, "Vumilia mshahara huu, kwa maana hapa watu hupanda," mwulizeni amepandisha wangapi, na kwa kipimo gani kilichoandikwa. Kama reli iliweza kuweka mtihani kwa kila kidato, chuo kikuu ambacho kazi yake ni mitihani kitashindwaje? Daini ngazi iandikwe: kutoka hapa mpaka pale, mtu anahitaji kujua nini, amefanya kazi gani, ana cheti gani. Ngazi iliyoandikwa haipendelei mpwa wa mtu.

AKIFIKA JUU

Katika mkutano wetu mzee mmoja alisimama akasema: "Mnawasaidia watu kupanda, kisha watakuwa mabwana wakubwa na kutukalia. Chama kinajitia kitanzi." Neno hilo hatukulicheka. Mkataba wa Mahusiano ya Kazi uliotiwa sahihi mwaka 1962 baina ya Serikali, waajiri na vyama ulikuja na mapatano kwamba wenye vyeo vya usimamizi hasa wasiwe wanachama. Kwa hiyo kila anayepanda sana hufika mahali akapita mpaka. Lakini mpaka huo hauko karibu kama watu wanavyodhani. Chuoni tarishi na mpishi wana KUDHEIHA, na makarani na maofisa wengi wa utawala wana KUSU. Aliyetoka katika kimoja na kuingia kingine bado ni mwenzetu. Hata yule aliyevuka mpaka kabisa, tulimjibu mzee, ni heri awe aliyebeba bahasha kuliko yule asiyejua zina uzito gani.

Mzee akasema, "Nitaamini nikiona." Basi tukamweleza mwisho wa habari ya dada yetu, na ndio mwisho wa maneno yetu pia.

Alipopata shahada hakupewa kile kiti cha kwanza. Alianza na cheo cha chini kidogo cha utawala, na baada ya miaka akawa msajili msaidizi, katika kitivo kingine. Alitueleza kwamba siku za kwanza zilikuwa ngumu. Makarani aliokula nao chakula walinyamaza alipoingia. Wakubwa nao walimwita kwa jina la kwanza, na wenzake wa cheo kile wakawaita Bwana na Daktari. Alikuwa kama treni iliyowekwa njia ya pembeni kati ya stesheni mbili, huku hawamtaki, kule hawajamkubali. Alisema hilo hakuna aliyemwonya.

Mwezi wa pili karani wake mmoja aliugua, na tarishi wa ofisi, kijana mwenye akili, akakaa kwenye meza ile akaifanya kazi. Ilikuwa Jumatatu. Mkubwa wa kitivo akapita akasema, "Vizuri, mwache ashikilie kidogo."

Dada yetu alipolisikia neno "kidogo" aliacha kalamu. Akaingia ofisini kwake, akaandika barua ya mistari mitatu: jina la kijana, kazi anayoishika, tarehe ya kuanza, na kwamba malipo yafuate kanuni. Akaipeleka kutiwa sahihi mchana ule ule. Mkubwa alimwuliza kuna haraka gani. Akamjibu: "Bwana, mimi haraka hiyo ilinigharimu miezi 27."

Barua ikatiwa sahihi. Nakala moja ikaingia faili, nyingine akampa kijana mkononi, akamwambia, "Hii usiipoteze."

Mzee wetu alinyamaza, kisha akasema tuje.

Bwana Mwenyekiti, tumemaliza. Kama kuna maswali tutajibu tunayoyaweza, na tusiyoyaweza tutayachukua tukaulize.  Umoja ni nguvu.